Zanzibar na malaria: mpango ulipofungwa, homa ilirudi

Kabla wapuliza dawa hawajaingia ndani, kila kitu kilitolewa uani: vitanda, magodoro, vyungu, mitungi. Dawa ilikaa ukutani kwa miezi, na mbu aliyetua hapo kupumzika baada ya kunyonya damu alikufa. Ndivyo vita dhidi ya malaria vilivyoanza Unguja na Pemba mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya kampeni iliyozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1955. Mchangiaji mkubwa wa kampeni hiyo duniani alikuwa serikali ya Marekani.

Maambukizi visiwani yalishuka sana. Lakini mwaka 1968, kabla kazi haijakamilika, mpango ukafungwa. Mbu hakuwa ameisha, wala vimelea. Miaka ya 1970 homa ikarudi kwa kishindo, na watoto ndio walioumia zaidi.

Msaada mkubwa zaidi ulikuja miaka ya 2000. Mfuko wa Dunia, unaogharamia pia vita dhidi ya malaria, ulianza mwaka 2002. Mwaka 2003 Zanzibar iliachana na klorokwini iliyokwishashindwa nguvu, ikashika dawa mseto. Juni 2005 Rais George W. Bush alitangaza mpango wa kupambana na malaria wa dola bilioni 1.2 kwa miaka 5, ukianza na Tanzania, Uganda na Angola.

Tanzania Bara, mjamzito alipewa hati punguzo kliniki, akaongeza fedha kidogo dukani na kuondoka na chandarua. Zanzibar, wapuliza dawa waligonga hodi tena mwaka 2006. Kufikia 2008 maambukizi yalikuwa chini ya asilimia 1. Wodi za watoto zilizokuwa zimefurika zikapumua.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa.

Visiwa hivi vimeshaonja machungu ya kazi kukatishwa kabla haijakamilika. Mbu hasomi mikataba wala hangoji bajeti. Mwaka 2001, jijini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Msimu wa bajeti ukifika, muulize mbunge au mwakilishi wako ahadi hiyo imefikia wapi. Uhai wa watoto wetu usitegemee mfuko wa jirani.