Kwenu Wapi?

Mwaka 1983 nchi yetu ilitunga Sheria ya Nguvu Kazi. Watu wakasimamishwa barabarani Dar es Salaam, wakaulizwa kazi zao. Aliyeshindwa kuthibitisha alipakiwa kwenye lori akarudishwe kijijini kulima.

Jambo lenyewe halikuwa geni. Waingereza nao waliwakamata vijana wasio na ajira, wakawaita wahuni, wakawarudisha bara. Neno hilo tulilirithi, na naona aibu kusema kwamba hata mimbarini limesikika.

Wengi waliopelekwa na lori walirudi. Azimio la Arusha la 1967 lilimheshimu mkulima, lakini kufikia miaka ile bei ya mazao ilikuwa duni, na duka la kijiji halina sabuni. Mjini kulikuwa na mjomba mwenye chumba. Sensa ya 1967 ilikuta mjini watu kama 272,000. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5 mkoani. Tandale ilijaa hivyo hivyo, chumba kwa chumba, familia sita na choo kimoja uani, hadi kingoni mwa Mto Ng'ombe, ambao masika huingia ndani bila hodi. Ajabu ni kwamba jina lile lile, nguvu kazi, likaja kuwa la leseni ya biashara ndogo. Lililompakia mtu kwenye lori likampa ruhusa ya kuuza nyanya!

Wapendwa, Walutheri wengi wa mji huu ni wahamiaji au watoto wao: wa Kilimanjaro, Kagera, Iringa. Lakini nasi tuna lori letu. Mgeni akija ofisini tunamwuliza, "Kwenu wapi?" Msharika akifariki tunachanga nauli ya kusafirisha mwili kabla hatujamwuliza mjane atalipaje kodi ya chumba.

Yeremia aliwaandikia waliohamishiwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee mji ule. Wale walichukuliwa kwa nguvu, sisi tulipanda basi wenyewe. Hata hivyo barua ile inatuhusu, maana nao walitaka kusikia habari za kurudi tu.

Daftari letu la ubatizo lina nafasi ya kuandika nyumbani kwa mtoto. Amezaliwa Tandale, mama yake kazaliwa Tandale, nasi tunaandika: Marangu.