Ncha Inayokoroga Alumini

Alumini iliwasumbua mafundi wa kuchomelea kwa miongo mingi. Utando wa oksidi unaoifunika huyeyuka karibu na nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwenye 660. Ikiyeyuka hufyonza haidrojeni, ikiganda huacha vitundu. Aloi kadhaa za ndege zilipasuka hata mikononi mwa fundi stadi, ndiyo maana viwanda vya ndege viling'ang'ania riveti.

Desemba 1991, Wayne Thomas na wenzake wa taasisi ya TWI, karibu na Cambridge nchini Uingereza, waliombea hataza njia isiyoyeyusha chochote. Kifaa chao kilikuwa na bega pana na ncha fupi katikati yake. Kikizunguka, ncha huzamishwa kwenye maungio mpaka bega liguse bati. Msuguano huilegeza alumini mithili ya udongo wa mfinyanzi, nayo huzungushwa hadi nyuma ya ncha na kukandamizwa na bega.

Wazo ni jepesi. Kazi ilikuwa umbo.

Ncha ya mviringo iliyo laini huzungusha metali bila kuisukuma vya kutosha kuelekea chini, na huweza kuacha handaki jembamba ndani ya maungio huku juu pakionekana safi kabisa. Kwa hiyo ikachongwa mikato ya skrubu inayoteremsha metali. Bega likachimbwa kidogo upande wa chini ili lishike kinachotaka kumwagika, na kifaa chote kikainamishwa nyuzi mbili au tatu. Urefu nao hauna mzaha: ncha ikipungua sana, sehemu ya chini ya maungio hubaki haijashikana, ikizidi, hukwaruza kitako cha chuma kilichowekwa chini ya bati.

Bati nene zilidai zaidi. Ncha nene ya silinda husukuma kando metali nyingi mno, nguvu inayohitajika inapanda. TWI ikatengeneza Whorl, ncha iliyochongoka yenye mikato mipana, kisha MX Triflute yenye mifereji mitatu. Kwa kipimo kilekile cha shina la ncha, ya kwanza husukuma kando metali pungufu kwa takriban asilimia 60 kuliko ile ya silinda, ya pili asilimia 70.

Wateja wa mwanzo hawakuwa wa anga: mwaka 1996 viwanda vya Skandinavia viliitumia njia hii kwenye paneli za kugandishia samaki melini. Roketi ya Delta II yenye sehemu iliyoungwa hivyo iliruka 1999.

Lilibaki tundu ambalo ncha huacha inapochomolewa. NASA ilibuni ncha inayorudi taratibu ndani ya bega, tundu likajaa. Wasweden, wanaojiandaa kufunga makasha ya shaba yenye unene wa sentimita 5 kwa taka za nyuklia, walikwenda njia nyingine: kifaa huanzia kwenye mfuniko, hushuka kwenye maungio, huzunguka kasha lote, kisha hupanda tena na kutokea mahali ambapo shaba itakerezwa na kutupwa.