Kupungua na Kukonda: Historia ya Kula vya Kutosha baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya upasuaji wa kupunguza uzito tangu mwaka 1954 kwa kuuliza swali ambalo masimulizi ya kawaida ya tiba hiyo huliweka pembeni: mgonjwa akishapungua, atakulaje vya kutosha ili asiendelee kukonda? Kwa kutumia tofauti ya kimaana iliyopo katika Kiswahili baina ya vitenzi *kupungua* na *kukonda*, makala inaonyesha kwamba hatua kadhaa kubwa za upasuaji huo zilizaliwa, au zilirekebishwa, kwa sababu ya wagonjwa waliovuka mpaka baina ya hali hizo mbili. Makala inahitimisha kwa mapendekezo ya istilahi na ujumbe wa lishe kwa nchi za Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huulizwa swali moja na jamaa na marafiki kwa muda mrefu: amepungua kilo ngapi? Swali hilo ni halali, kwa kuwa ndilo lililompeleka hospitali. Hata hivyo, huja siku ambapo jibu lake halipaswi kuongezeka tena. Kuanzia siku hiyo kazi ya mgonjwa hubadilika. Anatakiwa kula chakula chenye nishati ya kutosha kuudumisha uzito alioufikia, ilhali tumbo lake la chakula limekuwa dogo na hamu yake ya kula imefifia.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyosaidia kuieleza kazi hiyo. *Kupungua* ni kuwa kidogo kuliko awali. Usababishi wake, *kupunguza*, kwa kawaida huwa na mtenda aliyekusudia. Watu hupunguza bei, mwendo au uzito. *Kukonda* hueleza mwili uliopoteza nyama, na usababishi wake, *kukondesha*, aghalabu huwa na mtenda asiyetakiwa: maradhi, njaa au mawazo ndiyo humkondesha mtu. Maandishi ya kitabibu ya Kiingereza mara nyingi huziita hali zote mbili kwa jina moja, yaani upotevu wa uzito. Hoja ya makala hii ni kwamba historia ya upasuaji huu ni historia ya madaktari kujifunza, kwa gharama ya wagonjwa, tofauti ambayo msemaji wa Kiswahili huisikia katika uteuzi wa kitenzi.

2. Minnesota na Mulago, 1944–1954

Swali la kula vya kutosha lilitangulia upasuaji wenyewe. Kuanzia Novemba 1944 hadi mwishoni mwa 1945, Ancel Keys na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwachunguza wanaume 36 waliojitolea kupunguziwa chakula kwa majuma 24. Nia ilikuwa kutafuta njia bora ya kuwalisha watu walioathiriwa na njaa ya vita. Washiriki walipewa wastani wa kilokalori zipatazo 1,570 kwa siku, wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1950 yalieleza baridi isiyoisha, unyonge, huzuni na fikra zilizotawaliwa na chakula. Yalionyesha pia kwamba kuurudisha mwili katika hali yake kulihitaji nishati nyingi kuliko ile inayomtosha mtu mwenye afya.

Mwaka 1954, katika jimbo hilohilo la Minnesota, Kremen, Linner na Nelson walichapisha utafiti kuhusu umuhimu wa kilishe wa sehemu ya juu na ya chini ya utumbo mwembamba. Sehemu kubwa ya kazi yao ilihusu mbwa. Ndani yake, hata hivyo, walimtaja mgonjwa mnene ambaye utumbo wake ulichepushwa ili chakula kipite bila kufyonzwa chote. Tukio hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa upasuaji wa kupunguza uzito.

Mwaka huohuo, Trowell, Davies na Dean, waliofanya kazi Kampala katika Hospitali ya Mulago na Chuo cha Makerere, walichapisha kitabu kiitwacho *Kwashiorkor*. Jina hilo lilitoka katika lugha ya Kiga ya Gold Coast, Ghana ya leo, na liliingizwa katika maandishi ya kitabibu na Cicely Williams mwaka 1935. Kiswahili kiliupokea ugonjwa huo kwa majina mawili, *kwashakoo* na *unyafuzi*. Watoto walioelezwa na madaktari wa Mulago mara nyingi walikuwa wamelishwa ndizi, viazi na vyakula vingine vya wanga. Walikuwa na kitu tumboni, lakini walipungukiwa na protini, na uvimbe wa miguu na uso uliweza kuficha jinsi misuli ilivyokwisha. Mulago ilikuwa inaeleza mwili ulioshiba bila kutoshelezwa, wakati Minnesota ilikuwa inabuni njia ya kuutengeneza mwili ambao hautaweza kufyonza chakula chote unachokila.

3. Kasoro iliyogeuzwa kuwa tiba

Kuanzia mwaka 1956, J. Howard Payne na wenzake huko Los Angeles waliunganisha sehemu ya juu ya utumbo mwembamba na utumbo mpana. Mpango wao ulikuwa na hatua mbili: mgonjwa apungue hadi uzito unaotakiwa, kisha arudishiwe njia ya kawaida ya chakula. Kwa maneno mengine, suala la kudumisha uzito lilitarajiwa kutatuliwa kwa kisu. Ripoti yao ya mwaka 1963 ilionyesha kuwa mpango huo haukufaulu. Walioachwa katika hali ya kwanza walidhoofika kwa kuharisha na kupoteza chumvi za mwili. Waliorudishiwa utumbo walinenepa upya. Hapakuwa na kituo katikati.

Mwaka 1969 Payne na DeWind walieleza aina nyingine ya mchepuko, uliounganisha sentimita zipatazo 35 za mwanzo wa utumbo mwembamba na sentimita zipatazo 10 za mwisho wake. Upasuaji huo ulienea katika miaka ya 1970. Mvuto wake mkubwa ulikuwa kwamba mgonjwa hakulazimika kubadili sana ulaji wake. Gharama zilionekana baadaye: ini kushindwa kufanya kazi, mawe katika figo, upungufu wa vitamini na unyafuzi wa watu wazima. Wagonjwa wengi walilazimika kufunguliwa tena ili mchepuko uondolewe, na kufikia miaka ya 1980 upasuaji huo ulikuwa umeachwa.

Njia iliyodumu zaidi ilianzia Iowa. Edward Mason alikuwa ameona kwamba watu waliokatwa sehemu ya tumbo la chakula kwa sababu ya vidonda walipata shida kunenepa baada ya hapo. Kwa daktari wa vidonda, hiyo ilikuwa kasoro ya tiba. Mason aliigeuza kasoro hiyo kuwa lengo na, pamoja na Chikashi Ito, alifanya mchepuko wa tumbo la chakula mwaka 1966. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1967. Asili hiyo haifai kusahauliwa. Mgonjwa anayelalamika leo kwamba hawezi kula vya kutosha kuzuia kukonda hajapatwa na jambo geni. Hali yake ni ileile iliyompa Mason wazo la upasuaji, ikiwa imepita kiasi.

4. Genova na kurudi kwa unyafuzi

Mwaka 1976 Nicola Scopinaro, huko Genova, Italia, alianza kuwafanyia wagonjwa upasuaji uliounganisha ukataji wa sehemu ya tumbo la chakula na mchepuko mrefu wa utumbo. Uzito ulipungua sana na haukurudi kwa urahisi. Lakini tatizo lililotambuliwa kuwa zito kuliko yote katika upasuaji huo lilikuwa upungufu wa protini, pamoja na uvimbe wa mwili na kuisha kwa misuli. Maandishi ya wapasuaji yalianza kutumia neno ambalo madaktari wa Mulago walikuwa wameliweka kwenye jalada la kitabu chao. Unyafuzi ulikuwa umetoka kwa mtoto aliyekosa chakula kinachofaa na kumfikia mtu mzima aliyekuwa mnene.

Marekebisho yaliyofuata yalielekezwa upande wa kukonda. Scopinaro aliongeza ukubwa wa tumbo lililobakizwa. Hess huko Ohio mwaka 1988, na Marceau huko Québec, walibadili mpangilio wa upasuaji na kurefusha sehemu ya utumbo ambamo chakula hukutana na vimeng'enyo. Walioushughulikia upasuaji huu walikuwa wamekubali kwamba kipimo cha mafanikio hakiwezi kuwa kilo zilizoondoka peke yake.

5. Shibe na utoshelevu

Utafiti wa baadaye ulieleza kwa nini kula kunakuwa kugumu. Mwaka 2002 Cummings na wenzake walionyesha kwamba baada ya mchepuko wa tumbo kiwango cha homoni inayochochea njaa, ghrelini, kilikuwa chini mno. Homoni za utumbo zinazoleta shibe, kwa upande mwingine, hupanda baada ya mlo. Matokeo yake ni kwamba shibe huja mapema, na njaa hukawia au haiji kabisa. Katika Kiswahili *kushiba* na *kutosheka* hukaribiana kiasi kwamba kimoja huchukuliwa kuwa ushahidi wa kingine. Baada ya upasuaji vitenzi hivyo hutengana: mgonjwa anaweza kushiba kwa vijiko vichache ilhali mwili wake haujapata hata nusu ya mahitaji yake.

Ndiyo maana miongozo ya kitabibu humtaka mgonjwa ale kwa ratiba na kwa kipimo. Hupendekezwa angalau gramu 60 za protini kwa siku, milo midogo ya mara kwa mara, na vinywaji vitenganishwe na chakula. Kutapika kusikokoma huhesabiwa kuwa jambo la dharura, kwa sababu upungufu wa vitamini B1 unaweza kudhuru ubongo ndani ya majuma machache. Uchunguzi mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulionyesha kwamba kwa kawaida uzito hufika chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, kisha hupanda kidogo. Mtu ambaye bado anapungua baada ya hapo, au ambaye uwiano wa uzito na urefu wake umeshuka chini ya 18.5, hastahili pongezi. Anastahili kupimwa.

6. Wembamba katika kumbukumbu ya Afrika Mashariki

Katika eneo hili swali hilo lina uzito wa ziada. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao walieleza katika jarida la *Lancet* ugonjwa ambao watu wa Rakai waliuita "Slim", ambao ulikuja kujulikana kuwa UKIMWI. Kwa miaka mingi mtu aliyekonda alitazamwa kwa shaka na kunong'onewa. Mtu anayeendelea kukonda baada ya upasuaji anaweza kuficha hali yake kwa kuhofia minong'ono hiyo, au kwa kuhofia kuambiwa kwamba alijitakia. Yule anayeongezwa chakula na daktari naye huogopa kuonekana amerudia ulafi. Pande zote mbili lugha ya lawama huzuia mazungumzo ya lishe.

Huduma hizi si ngeni tena katika kanda. Zipo Nairobi, na Tanzania hospitali ya Mloganzila imekuwa ikiwawekea watu puto tumboni. Wengine hufanyiwa upasuaji nje ya nchi na kurejea nyumbani kwa mhudumu wa afya ambaye hakushiriki katika tiba hiyo. Mhudumu huyo huhitaji maneno ya kumweleza mgonjwa kwamba sahani ya matoke au ugali hujaza nafasi haraka kuliko inavyotoa protini, na kwamba rojo ya karanga, parachichi, mayai, maziwa na samaki wadogo, wawe dagaa, omena, mukene au ndagala, hubeba mengi katika nafasi ndogo.

7. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaleta mapendekezo matatu. Kwanza, vyombo vya istilahi na wizara za afya vitofautishe *kupungua*, lengo la tiba, na *kukonda*, dalili ya hatari, na vitumie *kudumisha uzito* kwa hatua inayofuata. Pili, vipeperushi vya wagonjwa visitumie agizo la kula mpaka kushiba, bali vitaje kiasi, saa na aina ya chakula. Tatu, ufuatiliaji wa mgonjwa usikome uzito unaotarajiwa unapofikiwa, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya kula vya kutosha inapoanza. Payne alitaraji kwamba kisu kingeifanya kazi hiyo. Wagonjwa wake walionyesha kwamba hufanywa mezani, kila siku, na humhitaji mtu wa kumweleza mgonjwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba sasa anaruhusiwa kuacha kupungua.