Neno la Kinywa na Neno la Kitabu

Wahenga walisema: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Hata hivyo Martin Luther alifundisha mwaka 1522 kwamba Kanisa ni nyumba ya kinywa, wala si nyumba ya kalamu. Kwake yeye Injili ni habari ya kutangazwa, na Mitume waliandika kwa sababu haja iliwalazimisha.

Haja hiyo ilimpata yeye mwenyewe. Alipofichwa katika ngome ya Wartburg, hakuweza kupanda mimbarani Wittenberg. Huko alilifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likachapwa Septemba 1522. Kinywa kilipofungwa, kalamu ilisema.

Huku Kilimanjaro mambo yalikwenda kinyume chake. Misioni ya Leipzig ilianza kazi mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, wamisionari Wajerumani walifukuzwa nchini. Walioshika kalamu wakaondoka, vinywa vikabaki. Walimu wenyeji waliwafundisha watoto, wakaongoza ibada, na sharika hazikufa.

Mmoja wa waliofukuzwa, Mchungaji Bruno Gutmann, alikuwa ameketi na wazee wa Kichaga akiwasikiliza. Kitabu chake cha sheria za Wachaga kilitoka mwaka 1926. Mafundisho ambayo wazee waliwapa vijana yalifuata katika juzuu tatu, kati ya mwaka 1932 na 1938. Wazee wale wamekwisha kulala, na mengi waliyoyasema yangalizikwa pamoja nao.

Lakini hapa pana jambo la kuhuzunisha. Maelezo ya vitabu hivyo ni ya Kijerumani. Mjukuu wa mzee aliyesema, asipojua Kijerumani, hawezi kuyaelewa maelezo hayo mpaka apate mfasiri. Neno limehifadhiwa, ila limewekwa katika nyumba ambayo ufunguo wake anao mgeni.

Basi maandishi hulilinda neno lisisahauliwe, na kinywa hulirudisha kwa wenyewe. Daftari la ubatizo hutaja jina na tarehe. Bibi aliyekuwapo ndiye ajuaye kwa nini mtoto alipewa jina lile. Usharika unaoingia karne ya pili unahitaji vyote viwili: vijana wachukue kalamu wangali wazee wako hai, waandike kwa lugha inayosomwa nyumbani, kisha kilichoandikwa kisomwe kwa sauti mbele ya watoto.