Pafini wa Heimaey

Miamba ya visiwa vya Vestmannaeyjar, kusini mwa Aislandi, hupokea kila kiangazi mojawapo ya makundi makubwa zaidi duniani ya pafini wa Atlantiki, ndege wa baharini.

Mgongo wake ni mweusi, kifua cheupe, miguu ya rangi ya chungwa, na mdomo mpana una mistari ya chungwa, njano na kijivu. Pambo hilo ni la msimu wa kuzaana tu. Baadaye magamba ya rangi hubanduka, mdomo ukabaki mdogo na kufifia.

Urefu wake hauzidi sentimita 30. Angani hupiga mabawa hadi mara 400 kwa dakika. Majini mabawa hayohayo humsukuma kama makasia, naye aweza kuzama mita 60. Ustadi wake wa kuvua unastaajabisha zaidi: ulimi wenye kukwaruza huwabana samaki kwenye vijimiba vya kaakaa, hivyo huongeza wengine bila kuwaangusha wa kwanza.

Jozi hutaga yai moja kwa mwaka, ndani ya shimo ardhini. Kinda huondoka peke yake usiku, na baadhi ya makinda hupotoshwa na taa za mji. Ndipo watoto wa Heimaey, kisiwa kikuu cha Vestmannaeyjar, huzunguka mitaani na maboksi, wakiwaokota ili wawaachilie baharini mchana.

Tangu 2015 pafini huyu amewekwa kimataifa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Ukitembelea miamba hii, tafadhali usitoke njiani: shimo likiporomoka, uzazi wa jozi wa mwaka mzima hupotea.