Baada ya miaka 18: kijana wa Pemba anapotoka kwenye malezi

Kisiwani Pemba, yatima wengi hulelewa na bibi, mjomba au shangazi. Asiye na jamaa huweza kupata mlezi kwa kafala, inayotambuliwa na Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya 2011, au kupelekwa kwenye makao ya watoto. Kisheria, utoto unaishia miaka 18. Je, baada ya hapo?

Tuanze na kafala. Mtoto hubaki na nasaba yake na hamrithi mlezi wake. Mlezi anaweza kumwachia kitu kwa wasia, usiozidi theluthi ya mali. Watoto wa nyumba wakigawana mikarafuu, yeye hana fungu. Atategemea kazi yake.

Shirika la SOS, lililoanzia Austria mwaka 1949 na lenye kijiji cha kulelea watoto Unguja, humtoa kijana hatua kwa hatua. Kwanza huhama kwa mama mlezi na kuishi na wenzake katika nyumba ya vijana, ajifunze kupika na kupanga matumizi. Husaidiwa kusoma au kupata ufundi, kisha hujitegemea huku akifuatiliwa.

Hata familia za Pemba zinaweza kufuata njia hiyo. Kituo cha mafunzo ya amali kipo Vitongoji. Lakini cheti pekee hakitoshi: kijana anahitaji zana, chumba, na mtu wa kumpigia simu akiugua. Tunawashauri walezi wakae naye mapema, pamoja na sheha na afisa ustawi wa jamii, na wasia uandikwe mlezi akiwa hai na mzima.