Pauni Moja na Peni Tisini na Tisa

Mwaka 1983, mtoto wa Uingereza aliyeitamani gemu ya Manic Miner alihitaji pauni 5.95. Tumchukue mtoto ambaye mzazi wake humpa pauni moja kila Jumamosi. Asile peremende, asinunue vitabu vya katuni, asipande basi: baada ya wiki sita ana uwezo wa kununua gemu moja. Anafika dukani, anakuta rafu imejaa kaseti, na hakuna hata moja anayoruhusiwa kuijaribu. Akichagua vibaya, ni wiki sita nyingine.

Historia ya gemu za kompyuta huandikwa zaidi kupitia waliozitunga na kampuni zilizotajirika au kufilisika. Hapa nataka kuifuata kutoka upande wa huyu aliyesimama mbele ya rafu, hela imemlowa jasho mkononi. Naamini hofu yake ya kukosea iliamua mambo mengi katika biashara ile, pengine kuliko vipaji vya watunzi.

Mashine yenyewe ilikuwa ya bei nafuu kwa wakati wake. Kampuni ya Clive Sinclair ya Cambridge ilitangaza kompyuta ya ZX Spectrum Aprili 1982, pauni 125 kwa yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 na pauni 175 kwa yenye 48. Mwaka uliofuata bei zikashuka hadi pauni 99.95 na 129.95. Iliunganishwa na televisheni ya nyumbani, na programu zake zilikuwa kwenye kaseti za kawaida, zilezile ambazo sisi huku tulirekodia taarabu na dansi na kuzirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri. Unachomeka redio kaseti kwenye kompyuta, unabonyeza, inaanza kulia kama panya aliyebanwa mlangoni, na kwa dakika kama tano unakaa ukitazama mistari ya rangi ikicheza pembeni ya kioo. Sauti ikiwa juu mno au chini mno, gemu haiingii. Unaanza upya.

Kaseti ilifanya utengenezaji wa gemu kuwa rahisi sana. Aliyetunga Manic Miner, Matthew Smith, alikuwa na miaka 17, na kampuni iliyoitoa, Bug-Byte, ilikuwa ya Liverpool, mji ambao wakati huo ulijulikana kwa ukosefu wa ajira. Kwa kuwa yeyote mwenye kompyuta, chumba na hela ya tangazo la gazetini aliweza kuuza gemu, wengi wakauza. Nyingine zilikuwa za ajabu kwa uzuri. Nyingi zilikuwa takataka. Na kutoka nje hukuweza kuzitofautisha, kwani jalada la kaseti lilichorwa na msanii aliyelipwa kuchora joka, mwanamke mwenye upanga na sayari inayolipuka, ilhali ndani kulikuwa na vidoa vitatu vinavyofukuzana. Baadhi ya kampuni ziliweka picha halisi za gemu nyuma ya jalada, ila picha hizo zilitoka kwenye toleo la mashine nyingine yenye michoro mizuri zaidi. Ilikuwa biashara ya mbuzi kwenye gunia.

Mtoto naye alikuwa na jibu lake. Kaseti inayoingiza programu kwenye kompyuta huingia pia kwenye redio ya deki mbili. Mmoja ananunua, darasa zima linarekodi. Wenye kampuni walilalamika kuwa wanaibiwa, na Bunge likapitisha sheria mwaka 1985 kuthibitisha kuwa programu za kompyuta zinalindwa na hakimiliki. Sina haja ya kuwatetea watoto wale, maana mtunzi aliyekesha miezi sita ana haki ya jasho lake. Lakini tazama hesabu walivyoiona wao: wenye kampuni waliwataka wahatarishe wiki sita kwa kitu wasichoruhusiwa kukionja.

Kampuni zilijibu kila moja kwa namna yake. Ultimate Play the Game, ya ndugu wawili wa ukoo wa Stamper, ilipandisha bei. Gemu zake zilikuwa pauni 5.50, mwaka 1984 Sabre Wulf ikatoka kwa pauni 9.95, kwa imani kwamba aliyelipa pesa nyingi atakuwa mgumu kumgawia mwenzake. Wiki kumi! Iliuzika kwa sababu jina la Ultimate lilikuwa limeshajijengea imani, na imani hiyo ilikuwa kitu cha thamani kuliko kaseti yenyewe. Software Projects, waliotoa Jet Set Willy ya Matthew Smith mwaka huohuo, waliweka ndani ya kasha kadi ya rangi. Kabla gemu haijaanza unaulizwa rangi za kisanduku fulani, na aliyenakili kaseti hakuwa na kadi, tena fotokopi ya rangi haikuwa kitu cha mtaani. Watoto wakakaa na penseli wakainakili kadi kwa mkono.

Ila Jet Set Willy ilikuwa na kosa ndani yake. Ukiingia chumba cha darini, baadhi ya vyumba vingine viliharibika na gemu haikuweza kumalizika tena. Mwanzoni kampuni ilidai ni makusudi, sehemu ya ugumu wa mchezo. Baadaye ikatoa namba za kuandika kwenye kompyuta ili kurekebisha. Kwa hiyo aliyefunga mkanda wiki sita, akanunua kihalali, akakaa na kadi yake halisi, alikuwa amenunua kitu kisichomalizika, sawasawa na yule wa penseli.

Kampuni ya Imagine, nayo ya Liverpool, ilikwenda mbali zaidi. Ilitangaza gemu kubwa mbili, Bandersnatch na Psyclapse, ambazo zingekuja na kifaa cha ziada cha kuchomeka kwenye kompyuta, kwa bei iliyotajwa kuwa karibu pauni 40. Watengenezaji wa filamu wa BBC walikuwa wameingia ofisini humo kurekodi mafanikio. Wakajikuta wanarekodi wadai wakiingia. Imagine ilianguka Julai 1984 na gemu hizo hazikutoka.

Upande wa pili wa Atlantiki mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wamarekani walicheza kwa katriji, ambazo ni ghali kutengeneza, na Krismasi ya 1982 Atari iliwauzia E.T., gemu iliyotungwa kwa takriban wiki tano. Wanunuzi walioumia mara moja wakafunga pochi, maduka yakarudisha mizigo, na mwaka 1983 Atari ikafukia shehena ya katriji katika jaa la Alamogordo, New Mexico. Zilifukuliwa mwaka 2014.

Uingereza soko halikuzama namna hiyo, na moja ya sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba mnunuzi maskini alipata misaada miwili kwa karibu wakati mmoja.

Wa kwanza ulikuwa jarida. Crash lilianza mapema mwaka 1984 huko Ludlow, mji mdogo karibu na mpaka wa Wales. Waanzilishi wake walikuwa wakiuza gemu kwa posta, hivyo mtu angeweza kushuku kwamba watasifia kila kitu. Hawakufanya hivyo. Walichukua wanafunzi wa shule za pale mjini wakawakalisha mbele ya kompyuta, na kila gemu ikatolewa maoni na watu watatu, kisha ikapewa alama kwa asilimia: michoro, uzito wa kunogewa, na thamani ya pesa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonigusa. Kijana wa miaka 15, mwenye mfuko uleule kama wa msomaji wake, anaulizwa waziwazi kama kitu hiki kinastahili bei yake. Jarida lenyewe halikufika pauni moja, kwa hiyo wiki moja ya kutunza hela iliweza kuokoa sita. Nalo lilisomwa na zaidi ya mmoja. Liliazimwa hadi kurasa zikachanika.

Msaada wa pili ulitoka kwa wafanyabiashara ambao hawakuwa na mapenzi yoyote na kompyuta. Mastertronic, iliyoanzishwa mwaka 1983, iliongozwa na watu waliotoka kwenye biashara ya kanda za video. Waliitazama kaseti ya gemu wakaona bidhaa ya kutundikwa karibu na chokoleti. Wakaiuza pauni 1.99, tena si kwenye maduka ya kompyuta pekee, bali kwa wauza magazeti na kwenye vituo vya mafuta. Kati ya hizo pauni 1.99 toa kodi ya asilimia 15, toa faida ya mwenye duka, toa kaseti, jalada na usafiri. Mtunzi alibaki na peni chache kwa kila nakala, akitegemea wingi. Ilikuwa hali ngumu kwa watunzi, na nyingi ya gemu hizo zilistahili bei yake ndogo au chini ya hapo.

Lakini rudi kwa mtoto wa rafuni. Pauni 1.99 ni wiki mbili. Gemu tatu za Mastertronic zilizidi bei ya Manic Miner kwa peni mbili tu. Akinunua tatu, moja ikawa mbovu kabisa, moja ya kupitisha mvua, na ya tatu ikawa Finders Keepers, amefaidi. Sasa angeweza kujaribu aina ya mchezo asioujua, bila kungoja ushauri wa mtu. Washindani walifuata: Firebird, tawi la shirika la simu la British Telecom, kisha Codemasters ya ndugu Richard na David Darling, ambao awali walikuwa wakiiuzia Mastertronic gemu zao. Mwaka 1987 Codemasters ikatoa Dizzy, yai lenye glavu nyekundu lililotungwa na mapacha Philip na Andrew Oliver, na yai hilo la bei chee likapendwa kuliko mashujaa wengi wa pauni 9.95.

Waingereza wengi huukumbuka mwaka 1986 kwa mkono wa Maradona. Wenye Spectrum wana kisa cha pili. Kampuni ya U.S. Gold ilinunua haki ya kutoa gemu rasmi ya Kombe la Dunia la Mexico, kazi haikukamilika kwa wakati, na kombe haliahirishwi. Wakachukua gemu ya kandanda ya kampuni ya Artic iliyotoka mwaka 1984, wakaigusagusa, wakaitia katika kasha kubwa lenye nembo ya mashindano na vikorokoro vya mashabiki, wakaiita World Cup Carnival na kuiuza pauni 9.95. Majarida yaliivua nguo. Kwa pesa hiyo mtoto angepata gemu tano za pauni 1.99, bila peni kuzidi wala kupungua.

Wenye mfuko mdogo walijifunza kusubiri. Kampuni kubwa zilianza kukusanya gemu zilizovuma na kuziuza pamoja: They Sold a Million ya mwaka 1985 iliweka nne katika kasha moja, Sabre Wulf na Jet Set Willy zikiwemo. Kisha gemu za bei kubwa zikawa zinarudi baada ya mwaka au zaidi kwa bei ya chini, na mwishoni mwa muongo majarida yakaanza kubandika kaseti ya gemu nzima kwenye jalada. Mwenye subira alikula vilevile alivyokula tajiri, ila kilikuwa kiporo.

Mastertronic yenyewe ilipata kazi nyingine mwaka 1987: kusambaza mashine ya Sega Master System nchini Uingereza. Kundi la Virgin likainunua, na mwaka 1991 Sega ikachukua biashara hiyo na kuigeuza kuwa tawi lake la Ulaya. Wakati huo Sega ilikuwa ikiuza Mega Drive, ambayo katriji zake zilikaribia pauni 40, bei ileile iliyoonekana wazimu Imagine ilipoitaja. Katriji hainakiliki kwa redio ya deki mbili. Uzalishaji wa Spectrum ulikoma mwaka 1992, na mtoto wa pauni moja kwa wiki, kama bado alikuwa anapewa pauni moja, alitakiwa kungoja wiki arobaini.